Umefanya kazi penye vumbi la asbesto? Hatua za kuchukua kwa afya yako na kwa haki yako

Mzee mmoja niliyemsaidia kuandika maelezo yake alianza kwa kuniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kugusa asbesto. Alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke kwa miaka 19. Nikamwuliza mabomba yale yalifunikwa kwa kitu gani ili yasipoteze joto. Akanyamaza kidogo, kisha mikono yake ikaanza kwenda kama ya mtu anayekanda unga. "Ule unga mweupe," akasema. "Tulikuwa tunauchanganya na maji kwenye ndoo." Kwa mikono mitupu? "Kwa mikono. Ukishakauka tunaukata kwa msumeno."

Miaka yote 19 alikuwa kwenye asbesto, ila jina lake hakuna aliyemwambia.

Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa wale ambao bado wako kazini leo. Jambo kubwa la kushika tangu mwanzo ni hili: magonjwa ya asbesto huchelewa mno. Mtu huvuta vumbi akiwa na miaka 25, ugonjwa ukajitokeza akiwa na 60. Wakati huo kiwanda kimeshafungwa, msimamizi amefariki, na karatasi zimeliwa na mchwa. Madai mengi huanguka kwa kukosa kumbukumbu, hata pale ugonjwa wenyewe ukiwa wazi kabisa. Ndiyo maana katika mpangilio wangu daftari linakuja kabla ya wakili.

Hatua ya 1: Jiulize kama kweli ulikutana nayo

Asbesto ni jina la kundi la madini sita ya mwamba yanayochambuka kuwa nyuzi. Aina zilizotumika zaidi viwandani ni krisotaili, inayoitwa asbesto nyeupe, amosaiti ya kahawia, na krosidolaiti ya buluu. Haiungui, haiozi, haipitishi joto, na ilikuwa rahisi kwa bei. Kwa sababu hizo iliingizwa karibu kila mahali: mabati ya saruji ya kuezekea, mabomba ya maji, vifuniko vya mabomba ya mvuke na maboila, dari, vigae vya sakafu, kamba na mablanketi ya kuzuia moto, gasketi, bitana za breki na klachi.

Kwa hiyo usijiulize tu "Je, nilifanya kazi kwenye kiwanda cha asbesto?" Jiulize uligusa nini, na waliokuwa karibu nawe waligusa nini. Waliobeba mzigo mkubwa ni wachimba madini, mafundi wa maboila, wajenzi wa meli, mafundi umeme, mafundi bomba, maseremala, wabomoaji wa majengo, wapakuzi bandarini na mafundi breki. Lakini yupo pia aliyefagia chini baada ya mafundi kuondoka, na karani ambaye ofisi yake ilikuwa pembeni ya karakana. Yupo na mke aliyekung'uta ovaroli ya mumewe kila jioni kabla ya kuifua. Utafiti uliochapishwa London mwaka 1965 ulionyesha wazi kwamba mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu au tumbo inayoletwa na asbesto, iliwafuata hata ndugu wa wafanyakazi na majirani wa kiwanda. Kama wewe ni mke, mume au mtoto wa mfanyakazi, mwongozo huu ni wako pia.

Kwa macho huwezi kuitambua. Hata rangi hudanganya, kwa maana nyuzi zikishachanganywa na saruji au rangi ya ukuta, asbesto ya buluu haionekani buluu tena. Jibu la uhakika hutoka maabara, chini ya darubini. Usivunje kipande mwenyewe ukipeleke. Mwombe mwajiri au mwenye jengo alete mtu mwenye ujuzi wa kuchukua sampuli, na uombe kuona majibu yake kwa maandishi.

Hatua ya 2: Kama bado uko kazini, zuia vumbi leo

Bati zima la saruji ya asbesto lililotulia juu ya paa halina hatari kubwa. Hatari huanza linapokatwa, linapotobolewa, linaposuguliwa, linapovunjwa au likishachakaa. Nyuzi zinazoumiza mapafu ni ndogo kiasi kwamba hewa huonekana safi kabisa huku zikielea kwa saa nyingi.

Kwa hiyo ukigundua au ukishuku kwamba kitu unachokifanyia kazi kina asbesto, simama. Usifagie kwa ufagio mkavu. Usipulize kwa kompresa. Mafundi breki wananielewa hapa, kwa sababu kupuliza ngoma ya gurudumu kwa upepo ni mazoea ya gereji nyingi, na ndilo jambo baya kuliko yote unayoweza kulifanyia vumbi lile. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa chenye maji, kitambaa ukifunge kwenye mfuko. Ondoka eneo hilo bila kula wala kunywa hapo. Nguo za kazi zisifike nyumbani. Vua, ziweke ndani ya mfuko uliofungwa, oga na uoshe nywele.

Barakoa ya kitambaa au ile ya karatasi ya bei rahisi haikusaidii kitu. Kinachohitajika ni kipumulio chenye chujio la daraja la juu, FFP3 au P100, kilichopimwa kikakaa sawasawa usoni. Ndevu zikiingia kati ya kipumulio na ngozi, hewa chafu hupita pembeni.

Wengi huniuliza: "Jana nilitoboa bati bila kujua, nifanye nini hospitali?" Jibu la kweli ni kwamba eksirei ya leo haitaonyesha chochote, na mara moja ya namna hiyo haileti hatari kubwa. Hatari hupanda kadiri vumbi linavyokuwa jingi na kadiri miaka inavyozidi. Usiingie hofu. Andika tarehe, mahali na ulichokifanya, umwarifu mwajiri kwa maandishi, nakala ubaki nayo.

Kuhusu haki zako ukiwa kazini, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 162 kuhusu asbesto mwaka 1986. Nchi zilizouridhia zimekubali kwamba mwajiri atoe nguo za kazi na kuzuia zisipelekwe nyumbani, apime vumbi la hewani, atunze rekodi za vipimo hivyo na kuwaruhusu wafanyakazi kuziona, na awapime afya bila malipo, ndani ya saa za kazi pale inapowezekana. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 nao unamlinda mfanyakazi anayeondoka mahali pa kazi akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba maisha au afya yake iko katika hatari kubwa iliyo karibu. Mwulize kiongozi wa chama cha wafanyakazi au ofisi ya ukaguzi wa usalama kazini kama nchi yako imeridhia, na sheria ya ndani inasemaje. Zaidi ya nchi 50 zimeshapiga marufuku asbesto, lakini marufuku hayaondoi kilichokwisha kujengwa. Mabaki yapo juu ya vichwa vya watu hadi leo.

Hatua ya 3: Fungua daftari la historia yako ya kazi

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu hapa ndipo dai linapojengwa.

Chukua daftari la kawaida. Kila kazi uliyowahi kufanya ipe ukurasa wake, ukianza na ya kwanza kabisa, hata ile ya kibarua ya miezi mitatu uliyoifanya ukiwa kijana. Andika jina la mwajiri kama lilivyoandikwa kwenye geti au kwenye hati ya mshahara, kwa kuwa kampuni moja huweza kuwa na majina matatu. Andika ulipoanza na ulipoacha. Kama tarehe imekutoka, ifungie kwenye jambo unalolikumbuka: "mwaka aliozaliwa binti yangu wa pili", "kabla ya ule uchaguzi". Wakili atajua namna ya kuigeuza kuwa mwaka.

Kisha eleza vumbi. Wengi huandika mstari mmoja tu: "Nilifanya kazi kwenye mazingira ya asbesto." Sentensi hiyo haimsaidii mtu yeyote. Linganisha na maelezo haya, niliyoyatunga kama mfano:

"Kuanzia 1984 hadi 1991 nilikuwa msaidizi wa fundi katika chumba cha boila. Kila baada ya wiki mbili hivi tulivunja kifuniko cha zamani cha mabomba kwa nyundo na patasi. Chumba kilikuwa na dirisha moja, nalo lilikuwa halifunguki. Vumbi likianza, hatukuona taa iliyokuwa upande wa pili. Mimi nilizoa vipande kwa koleo na kuvitia kwenye magunia, kisha nikafagia. Hakuna aliyetupa barakoa, tulijifunga leso. Unga mpya ulikuja kwenye magunia ya karatasi yenye maandishi mekundu. Tulikuwa wanne. Wawili wameshafariki kwa kifua. Tulikula chakula cha mchana humo humo, tumekaa juu ya magunia."

Umeona tofauti? Kuna kazi yenyewe, kifaa kilichotumika, mara ngapi, ukubwa wa chumba, hewa, kinga, mzigo ulikuja katika nini, na nani mwingine alikuwepo. Daktari akisoma hayo anaweza kukadiria kiasi cha vumbi, na hakimu anaweza kukiona chumba kile.

Si jambo la kubuni hili. Clarence Borel, fundi wa kufunika mabomba huko Texas, alifanya kazi hiyo tangu 1936 hadi 1969. Alifariki mwaka 1970 kabla kesi yake haijasikilizwa, lakini alikuwa ameshatoa ushahidi wake ukaandikwa. Alieleza jinsi vumbi lilivyotulia kwenye nguo, jinsi alivyolipenga puani kwa wingi mwisho wa siku, na jinsi alivyojipaka dawa ya mafuta ndani ya pua ili kulizuia lisishuke kooni. Mwaka 1973 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba watengenezaji walipaswa kuwaonya wafanyakazi juu ya hatari ya bidhaa zao. Uamuzi huo ulifungua mlango kwa maelfu ya kesi zilizofuata Marekani. Alikuwa ameshazikwa, lakini maneno yake yalibaki yakimsemea.

Usitie chumvi. Kama kitu hukioni vizuri kichwani, andika "sikumbuki". Wakili wa upande wa pili atatafuta sentensi moja ya uongo ili aitumie kuchafua mia za kweli.

Daftari likishakuwa tayari, kusanya vya kulishika mkono. Hati za mshahara, barua ya ajira, kitambulisho cha kazi, taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii au pensheni (hii ni nzuri sana, maana inaonyesha mwajiri na miezi bila ubishi), kadi ya chama cha wafanyakazi, picha mliyopiga kazini. Picha ya watu watano wanacheka mbele ya boila inaweza kuonyesha kifuniko kilichopasuka nyuma yao. Watafute wenzako na uandike simu zao. Aliye mgonjwa au mzee sana mwombe atoe hati ya kiapo mapema, akiwa bado ana nguvu za kusema.

Mwombe pia mwajiri rekodi zake: vipimo vya hewa, orodha ya mahali penye asbesto kwenye jengo, na faili lako la afya. Sheria za nchi kadhaa humlazimu azitunze kwa muda mrefu. Marekani, kwa mfano, faili la afya la mfanyakazi aliyekutana na asbesto hutunzwa kwa muda wote wa ajira na miaka 30 zaidi. Omba kwa barua yenye tarehe. Hata akikataa, ule ukimya wake nao utakuwa na nakala.

Hatua ya 4: Mwambie daktari kazi uliyoifanya

Daktari anayekuona mara ya kwanza anaona mtu anayekohoa. Mahali ambapo kifua kikuu ni kingi, atafikiri kifua kikuu. Kwa aliyevuta sigara, atafikiri sigara. Usingoje akuulize. Mpe ukurasa mmoja uliofupishwa kutoka kwenye daftari na umwombe aandike kwenye faili: "amewahi kufanya kazi na asbesto, miaka fulani hadi fulani". Mstari huo mmoja wa daktari una uzito kuliko unavyodhani.

Magonjwa yenyewe ni haya. Asbestosisi ni makovu ndani ya mapafu. Hutokana na vumbi jingi la miaka mingi, na mtu huanza kwa kukosa pumzi anapopanda ngazi, kikohozi kikavu, wakati mwingine ncha za vidole kuvimba. Haina tiba ya kuyaondoa makovu. Mesotelioma ni saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Kwa kawaida huja miaka 20 hadi 50 baada ya vumbi la kwanza, na huweza kumpata hata mtu aliyekutana na vumbi kwa muda mfupi. Dalili zake ni maumivu ya kifua, maji kujaa kwenye utando wa mapafu, na kupungua uzito. Ipo pia saratani ya mapafu, ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni) na ya ovari. Shirika la utafiti wa saratani la WHO limeziorodhesha zote kuwa zinasababishwa na asbesto, ya aina yoyote. Mwisho kuna mabaka magumu au unene kwenye utando wa mapafu. Mabaka mara nyingi hayamsumbui mtu, lakini ni ushahidi kwamba nyuzi ziliingia.

Uliza kuhusu eksirei inayosomwa kwa mfumo wa Shirika la Kazi Duniani wa magonjwa ya vumbi, skani ya CT ya kifua yenye picha za kina, na kipimo cha nguvu ya kupumua. Kama kuna maji au uvimbe, kipande cha nyama kitahitajika ili kuthibitisha mesotelioma.

Kama unavuta sigara, acha. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ni jambo pekee lililo mikononi mwako sasa. Utafiti wa Irving Selikoff na wenzake kwa mafundi wa New York, tangu miaka ya 1960, ulionyesha kwamba sigara na asbesto zikikutana, hatari ya saratani ya mapafu haijumlishwi tu, inazidishwa. Sigara haichangii mesotelioma. Na kuvuta sigara hakukunyimi haki ya kudai. Kunaweza tu kupunguza kiasi. Katika kesi moja ya Uingereza mwaka 2005, mahakama ilipunguza fidia ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kwa sababu marehemu aliendelea kuvuta ingawa alikuwa ameonywa.

Hatua ya 5: Andika siku uliyoambiwa

Kila nchi ina muda wa ukomo wa kufungua shauri. Kwa magonjwa ya asbesto, nchi nyingi huhesabu tangu siku uliyojua, au uliyopaswa kujua, kwamba unaumwa na kwamba ugonjwa unatokana na kazi. Uingereza ni miaka 3 tangu siku hiyo. Marekani kila jimbo lina muda wake. Mifuko ya fidia ya wafanyakazi nayo ina muda wake wa kutoa taarifa, na mara nyingi ni mfupi zaidi ya ule wa mahakama.

Kwa hiyo siku daktari atakapokutamkia, andika tarehe, jina la hospitali, na maneno aliyotumia. Tunza barua na bahasha yake. Watu hukaa na barua kabatini mwaka mzima wakisema "ngoja nipone kwanza". Usingoje. Na usijikatie tamaa kwa sababu vumbi ni la miaka 40 iliyopita. Mara nyingi miaka hiyo haihesabiwi kabisa.

Italia walionja uchungu wa ukomo. Mwaka 2012 mahakama ya Turin ilitoa hukumu ya jinai kuhusu viwanda vya saruji ya asbesto, kikiwemo cha Casale Monferrato, na familia zikadhani zimefika. Mwaka 2014 mahakama ya juu ikaifuta kwa sababu muda wa kushtaki kosa lile ulikuwa umepita. Hukumu haikusema kwamba watu hawakufa. Muda ndio uliokuwa umekwisha.

Hatua ya 6: Jua milango iliyopo

Mlango wa kwanza ni mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Hapa huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Unathibitisha ugonjwa na kazi. Faida yake ni haraka na gharama ndogo. Hasara yake ni kwamba malipo huwa na kikomo, na katika nchi au majimbo mengi ukilindwa na mfuko huo huruhusiwi kumshtaki mwajiri mwenyewe. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2000 iliunda kwa sheria mfuko maalumu wa waathirika wa asbesto, unaoitwa FIVA.

Mlango wa pili ni kumshtaki mwajiri kwa uzembe: alijua au alipaswa kujua, na hakukukinga. Hoja ya "wakati huo hakuna aliyejua" utaisikia sana. Jua kwamba kifo cha Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha Rochdale, Uingereza, kiliandikwa kwenye jarida la madaktari mwaka 1924, na kanuni za kudhibiti vumbi la asbesto viwandani zikatungwa nchini humo mwaka 1931. Uhusiano na mesotelioma uliwekwa wazi na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1960, kutokana na wagonjwa wa eneo la migodi ya Cape Kaskazini. Kwa mtu aliyeajiriwa baada ya hapo, hoja ya kutojua inazidi kuwa nyembamba.

Mlango wa tatu ni mtengenezaji au muuzaji wa bidhaa, kama alivyofanya Borel. Ndiyo sababu maandishi mekundu kwenye gunia yana maana. Mwenye jengo au mkandarasi mkuu naye anaweza kuwajibika ikiwa ulikuwa kibarua wa mtu mwingine ndani ya eneo lake.

"Na kama nilikuwa na waajiri watano?" Swali hili lilisumbua mahakama kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuna sayansi inayoweza kusema ni nyuzi za nani zilizoanzisha saratani. Mwaka 2002, katika kesi ya Fairchild, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mgonjwa wa mesotelioma hapaswi kukosa haki kwa sababu hiyo. Inatosha kuonyesha kwamba kila mwajiri aliongeza hatari kwa kosa lake. Si nchi zote zinafuata kanuni hii, lakini ni hoja ambayo wakili wako anapaswa kuijua.

"Na kama kampuni imekufa?" Usifunge daftari. Tafuta kampuni ya bima iliyomkatia mwajiri bima katika miaka ile. Bima huweza kulipa hata kama mwajiri hayupo tena. Tafuta aliyeinunua. Tafuta kampuni mama, yaani ile iliyoimiliki. Katika kesi ya Chandler dhidi ya Cape, mfanyakazi aliyefanya kazi kati ya 1959 na 1962 aligundua ugonjwa mwaka 2007, wakati kampuni iliyomwajiri ilikuwa imeshafutwa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Uingereza ikaamua kwamba kampuni mama, iliyoitwa Cape, nayo ilikuwa na wajibu kwake. Kampuni kubwa zilizofilisika Marekani, kuanzia Johns-Manville iliyoomba ulinzi wa ufilisi mwaka 1982, ziliacha mifuko ya kulipa waathirika, na mfuko wake ulianzishwa 1988. Mtu aliyetumia bidhaa zao nje ya Marekani aulize pia kama anaruhusiwa kudai humo.

Mipaka nayo si ukuta. Mwezi Julai 2000 mahakama ya juu ya Uingereza iliruhusu zaidi ya watu 3,000 kutoka Afrika Kusini, wafanyakazi na wakazi wa maeneo ya migodi, kuishtaki kampuni ya Cape huko London. Ilichukua hadi 2003 kupata makubaliano, na wengi walifariki wakisubiri.

Hatua ya 7: Tafuta wakili anayelijua vumbi

Wakili mzuri wa ardhi anaweza asijue chochote kuhusu magonjwa ya kazini. Muulize amewahi kushughulikia madai mangapi ya magonjwa ya vumbi, anapata wapi daktari shahidi, na nani atalipa gharama mkishindwa. Nchi nyingine huruhusu wakili kulipwa asilimia ya fidia baada ya kushinda. Hapo taka kuona asilimia hiyo kwenye maandishi, pamoja na makato mengine yote. Anayedai fedha nyingi mkononi kabla hajasoma daftari lako, au anayekuahidi kiasi fulani siku ya kwanza, achana naye. Chama cha wafanyakazi, kituo cha msaada wa sheria na vikundi vya waathirika ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kama ni mesotelioma, mwambie wakili neno hilo kwenye sentensi ya kwanza. Muda wa kuishi mara nyingi huhesabiwa kwa miezi. Mwombe aombe shauri liharakishwe na ushahidi wako urekodiwe mara moja. New South Wales, Australia, ina mahakama maalumu ya magonjwa ya vumbi tangu 1989, na majaji wake huenda kusikiliza hadi kando ya kitanda cha mgonjwa. Hata pasipo mahakama kama hiyo, ombi la kusikilizwa mapema linaweza kutolewa.

Hatua ya 8: Kabla hujasaini chochote

Ofa huja mapema, mara nyingi mtu akiwa na madeni ya hospitali. Tafuta ndani yake maneno kama "malipo ya mwisho kwa madai yote ya sasa na ya baadaye". Mtu mwenye asbestosisi leo anaweza kupata saratani baada ya miaka 10, na akiwa ameshasaini maneno hayo hana pa kurudi. Zipo nchi zinazoruhusu fidia ya muda: unalipwa kwa ugonjwa uliopo, na mlango unabaki wazi kwa utakaokuja. Muulize wakili kama kwenu inawezekana. Uliza pia malipo haya yataathiri vipi pensheni na fidia nyingine unazopokea.

Kama una mabaka tu bila dalili, jua kwamba sheria hutofautiana sana. Uingereza mwaka 2007 mahakama ya juu ilikataa kuyahesabu kuwa madhara yanayolipwa. Scotland ikatunga sheria yake mwaka 2009 ili yalipwe. Mahali yasipolipwa, bado yasajili na uendelee kupimwa.

Mgonjwa akifariki

Familia ina haki zake. Kwa kawaida msimamizi wa mirathi huweza kuendeleza shauri la marehemu, na wategemezi huweza kudai kwa kumpoteza aliyewatunza, tena muda wa ukomo huweza kuanza upya siku ya kifo. Cheti cha kifo kikiandika "nimonia" peke yake, dai hudhoofika, kwa hiyo mwambieni daktari historia ya kazi kabla hajakijaza. Kama ugonjwa haukuthibitishwa alipokuwa hai, ulizeni kuhusu uchunguzi wa mwili kabla ya mazishi. Najua ni ombi zito kwa watu wenye msiba, na kila familia ina imani yake. Mkikubali, ombeni kwa maandishi kwamba vipande vya mapafu vilivyochukuliwa vitunzwe maabara na visitupwe, kwa sababu nyuzi hubaki ndani yake na zinaweza kuhesabiwa.

Na daftari lisiwekwe pamoja na nguo zake. Mpeni mtu mmoja wa familia alitunze, pamoja na barua ya daktari, picha za kazini, na simu za wale wenzake walio hai.